Inyasi wa Loyola: Mwanafunzi aliyeliwa fedha zake ugenini



Kila mwaka ifikapo Agosti na Septemba, nia za Misa zinazoletwa ofisini kwa paroko huanza kufanana. Familia zinaomba kijana wao aombewe kwa sababu anasafiri kwenda masomoni ng'ambo. Jumuiya imechanga, mjomba ameuza kiwanja, mama amevunja kibubu, na Jumapili kijana anaitwa mbele ya altare apewe baraka huku akina mama wakipiga vigelegele. Ni jambo jema na tuendelee nalo. Lakini baada ya hapo wengi wetu humkumbuka tena siku mbili tu: siku anaporudi na shahada yake, au siku inaposikika kwamba mambo yameharibika, fedha zimeliwa, ada haikulipwa na simu haipokelewi.

Leo naomba tumtazame mwanafunzi mmoja aliyeishi ugenini karibu miaka 500 iliyopita, katika jiji la Paris. Unamfahamu kama mwanzilishi wa Shirika la Yesu, yaani Wajesuiti. Ni Mtakatifu Inyasi wa Loyola. Tumezoea kumwona katika picha akiwa amevaa kasula, kitabu mkononi, macho yakitazama mbinguni. Leo tumwone akiwa mwanafunzi anayekaribia miaka 37, anachechemea mguu mmoja, Kifaransa kinamshinda, na fedha zake zote zimeliwa na mtu aliyekaa naye nyumba moja.

Inyasi alizaliwa mwaka 1491 katika ngome ya Loyola, nchi ya Wabaski, kaskazini mwa Hispania. Alikuwa kitinda mimba katika familia ya kiungwana yenye watoto wengi, na ujana wake aliutumia kutafuta heshima ya dunia: mavazi, upanga na sifa. Mei 1521, akiulinda mji wa Pamplona dhidi ya jeshi la Wafaransa na Wanavara waliokuwa upande wao, risasi ya mzinga ilimvunja mguu. Akiwa kitandani nyumbani kwao aliomba vitabu vya hadithi za mashujaa, lakini nyumba haikuwa navyo. Akapewa kitabu cha maisha ya Kristo na kingine cha maisha ya watakatifu. Hapo ndipo uongofu wake ulipoanza. Alihiji Montserrat, akakaa Manresa karibu mwaka mzima akisali na kufunga, na mwaka 1523 akafika Yerusalemu. Alitaka kubaki huko maisha yake yote. Wafransisko waliotunza mahali patakatifu walimwamuru arudi.

Ndipo akajiuliza afanye nini, akaamua kusoma ili aweze kuzisaidia roho za watu. Fikiria uamuzi huo, ndugu msomaji. Mtu wa miaka 33, askari aliyezoea kuamrisha, anakwenda Barcelona kukaa na watoto na kukariri vitenzi vya Kilatini, kwa maana bila Kilatini hakuna aliyeingia chuo kikuu. Na kila alipofungua kitabu, mawazo matamu ya kiroho yalimjia mpaka akashindwa kukariri. Mtu mwingine angefurahi, akasema Roho wa Mungu amemshukia. Inyasi alijichunguza akaona kwamba mawazo hayo hayamjii kwa nguvu hiyo hata akiwa katika sala au kwenye Misa, ila tu wakati wa somo. Akatambua kuwa ni kishawishi. Alimwomba mwalimu wake waende pamoja kanisani, na mbele yake akaahidi kutokosa kipindi kwa miaka miwili, maadamu Barcelona pana mkate na maji ya kumtosha.

Kijana unayesoma makala hii, jambo hilo lishike. Kuna wanafunzi wanaokwepa darasa kwa ajili ya disko, na kuna wanaokwepa darasa kwa ajili ya mkesha. Mtakatifu huyu aligundua mapema kwamba hata jambo takatifu, likikuondoa kwenye wajibu uliotumwa, linaweza kuwa limetoka kwa adui. Kwa mwanafunzi, kusoma vizuri kwa nia njema ni sehemu ya sala yake.

Kutoka Barcelona alikwenda Alcalá, halafu Salamanca. Kote alifundisha watu mambo ya Mungu kabla hajamaliza shule, na kote wakuu wa Kanisa walimtilia shaka. Alcalá alikaa gerezani siku 42, Salamanca siku 22. Hawakumkuta na fundisho la uongo, lakini walimkataza kufafanua lipi ni dhambi ya mauti na lipi si dhambi ya mauti mpaka asome zaidi. Alitii, ila alijua kwamba hapo amefungwa mdomo. Akachukua njia ya kwenda Paris, peke yake, kwa miguu, katikati ya baridi na vita kati ya Hispania na Ufaransa. Alifika tarehe 2 Februari 1528, sikukuu ya Kutolewa Bwana Hekaluni.

Paris ya wakati huo ilikuwa na chuo kikuu chenye sifa kuliko vyote Ulaya, na wanafunzi walikuja kutoka kila upande wa bara hilo. Vyuo vidogovidogo vilijazana ng'ambo ya kusini ya mto Seine, kwenye kilima cha Mtakatifu Genoveva. Inyasi alianza katika kile kilichoitwa Montaigu. Kilikuwa chuo cha nidhamu kali na chakula kibaya, kiasi kwamba Erasmus wa Rotterdam, aliyesoma hapo miaka ya nyuma, aliandika kwa uchungu juu ya mayai mabovu waliyolishwa. Inyasi alijipima, akaona kwamba Kilatini chake kina mapengo kwa sababu alisoma kwa haraka. Basi akarudi tena kukaa na watoto, akaanza upya.

Alikuwa na fedha. Wafadhili wake wa Barcelona walimpa hati ya mfanyabiashara, naye alipofika Paris akalipwa vipande 25 vya dhahabu. Kwa mara ya kwanza baada ya miaka mingi ya kuombaomba, alikuwa na uhakika wa kula na kusoma bila wasiwasi. Alipanga nyumba moja na Wahispania wenzake. Kwa kuwa hakupenda kushika fedha, alimkabidhi mmoja wao amtunzie. Huyo ndugu alizitumia zote. Kwaresima ilipokwisha hapakubaki hata kipande kimoja, wala mtu yule hakuwa na cha kurudisha.

Hapa wengi wetu tunaielewa hadithi bila kuelezwa. Hakuibiwa na jambazi wa barabarani. Aliliwa na mtu wa kwao, wanayezungumza lugha moja, aliyemwamini kwa sababu ugenini mtu wa kwenu huonekana kama ndugu wa damu. Maumivu ya namna hiyo ni makali kuliko hasara yenyewe.

Inyasi alilazimika kuhama. Alipata malazi katika Hospitali ya Mtakatifu Yakobo, nyumba ya kuwapokea mahujaji wanaokwenda Compostela, mbali na chuo na ng'ambo ya pili ya mto. Chakula aliombaomba mitaani. Lakini nyumba ile ilifungua mlango kulipokucha na kuufunga jioni kengele ya Malaika wa Bwana ilipogongwa, wakati vipindi chuoni vilianza kabla ya mapambazuko na kuendelea mpaka jioni. Kwa hiyo kila siku alikosa masomo ya mwanzo na ya mwisho, na saa nyingine zikaishia kwenye kutafuta mkate. Miezi ikapita, elimu haiendi mbele.

Alifanya nini? Kwanza, hakuficha hali yake. Aliona kwamba wanafunzi maskini hufanya kazi za utumishi kwa walimu huku wakisoma, akaamua kutafuta kazi hiyo. Tena alijiandaa rohoni: alipanga kwamba atamhesabu mwalimu wake kuwa ni Kristo, na wanafunzi wenzake kuwa ni Petro, Yohane na mitume wengine, ili kila amri anayopewa aipokee kama imetoka kwa Bwana. Aliwaomba watu wengi wamtafutie nafasi. Hakuna aliyempata mtu wa kumchukua. Mpango mzuri, nia safi, na bado mlango haukufunguka. Mara nyingi tunawaambia vijana wetu kwamba ukimtumaini Mungu kila mlango utafunguka. Maisha ya watakatifu hayasemi hivyo.

Msaada ulitoka mahali asipotazamia. Mtawa mmoja wa Hispania alimshauri kwamba badala ya kuomba mkate kila siku, ni heri aende Flandria mara moja kwa mwaka, kwa wafanyabiashara wa Kihispania wa miji ya Bruges na Antwerp, akusanye msaada wa mwaka mzima, kisha arudi asome kwa utulivu. Alisali juu ya ushauri huo, akaufuata. Kati ya 1529 na 1531 alikwenda mara tatu, na safari moja akavuka mpaka London, ambako alipata zaidi ya miaka mingine. Sehemu ya fedha hizo aliwagawia wanafunzi wengine waliokuwa na shida.

Sasa tufike kwenye jambo ambalo hasa limenifanya nikuandikie Jumapili hii. Zaidi ya mwaka mmoja ulikuwa umepita. Inyasi alipata barua. Yule Mhispania aliyekula fedha zake alikuwa ameondoka Paris kurudi kwao bila kulipa, na alipofika mji wa Rouen kungoja meli aliugua. Hakuwa na mtu. Akamwandikia mtu pekee aliyemkumbuka, yaani yule aliyemdhulumu.

Jiulize wewe ungefanya nini na barua hiyo. Inyasi aliona hamu ya kwenda kumtembelea na kumsaidia, na akatumaini kwamba huenda kwa njia hiyo atampata mtu yule amtumikie Mungu. Aliamua kwenda kwa miguu, pekupeku, bila kula wala kunywa njiani, safari ya zaidi ya kilomita 100. Tusidhani kwamba aliondoka akiimba. Alipokuwa akiomba juu ya jambo hilo aliingiwa na hofu kubwa. Asubuhi ya safari hofu ilimbana hata kuvaa nguo kukawa kazi. Alitoka mjini kabla hakujapambazuka, bado anaogopa, akafika Argenteuil, kijiji ambako waamini waliheshimu vazi linalosadikiwa kuwa la Bwana wetu. Aliendelea mpaka alipokuwa anapanda kilima, ndipo mzigo ule ukamtoka, akajazwa furaha kiasi kwamba alianza kupaza sauti porini akizungumza na Mungu. Usiku wa kwanza alilala hospitali ya maskini, kitanda kimoja na ombaomba. Usiku wa pili alilala penye majani makavu ya kulishia mifugo. Siku ya tatu akafika Rouen.

Alimfariji mgonjwa, akamsaidia kupata nafasi kwenye meli ya kwenda Hispania, na akampa barua za kumtambulisha kwa marafiki zake wa Salamanca. Kisha akarudi. Zile fedha haziguswi tena katika simulizi.

Angalia tena tendo hilo la mwisho. Barua ya kumtambulisha mtu ni dhamana. Mwenye deni alitoka Rouen akiwa na maandiko ya aliyemdai, yanayowaomba watu wengine wampokee. Bwana wetu alitoa mfano, katika sura ya 18 ya Injili ya Mathayo, wa mtumwa aliyesamehewa deni kubwa mno kisha akamkaba koo mwenzake kwa deni dogo. Inyasi alijua kwamba yeye mwenyewe, askari wa zamani mwenye dhambi nyingi, alikuwa amesamehewa deni lile kubwa. Ndiyo maana hili dogo halikumzuia kutembea.

Tuendelee na masomo yake, kwa maana baada ya safari hiyo maisha yake ya Paris yalibadilika. Kwanza alisikia kwamba mchunguzi wa imani, padre Mdominiko, anamtafuta kwa sababu ya malalamiko. Inyasi hakungoja kukamatwa. Alikwenda mwenyewe akaomba jambo lake limalizwe mapema, kwa sababu anataka kuanza masomo ya falsafa Oktoba. Aliachwa aende zake. Oktoba 1529 akahamia chuo cha Sainte-Barbe, kilichokuwa jirani kabisa na Montaigu.

Huko alipewa chumba pamoja na vijana wawili waliozaliwa mwaka mmoja, 1506, waliokuwa wadogo kwake kwa miaka 15. Mmoja ni Petro Favre, mtoto wa wakulima wa milima ya Savoia, aliyechunga kondoo utotoni. Wa pili ni Fransisko Ksaveri, mtoto wa kiungwana wa Navara, mchangamfu, mwanamichezo, anayetafuta cheo. Na hapa pana jambo la kushangaza: kaka zake Ksaveri walikuwa upande wa pili katika vita ile iliyomvunja Inyasi mguu. Ugenini waliwekwa chumba kimoja.

Mwalimu wao, Juan de la Peña, alimwagiza Favre amsaidie Inyasi marudio ya masomo. Kijana mchunga kondoo akawa anamfundisha mzee mambo ya Aristotle. Inyasi naye aligundua kwamba kijana huyu ana mashaka mazito ya dhamiri yanayomnyima usingizi, akamsaidia taratibu, kwa miaka, mpaka akapata amani. Kila mmoja alikuwa na alichojua na alichokosa. Fedha walitumia pamoja, meza walikula pamoja. Kwa Ksaveri ilikuwa kazi ngumu zaidi. Huyu alimdhihaki yule mwanafunzi mzee ombaomba. Inyasi hakumhubiria kwa nguvu. Ksaveri alipoanza kufundisha chuoni, Inyasi alimtafutia wanafunzi, na alipopungukiwa alimsaidia kwa fedha. Moyo ule uliyeyuka polepole, kwa wema uliorudiwarudiwa.

Yale mawazo matamu ya Barcelona yalirudi alipoanza falsafa. Inyasi akarudia dawa ileile: alimwendea mwalimu Peña akamwahidi kufuata vipindi vyote. Lakini mgogoro ulizuka upande mwingine. Siku za Jumapili wanafunzi wengi waliacha midahalo ya chuo ili kumfuata Inyasi kwenye sala na Komunyo Takatifu. Mwalimu alilalamika kwa mkuu wa chuo, Mreno aitwaye Diogo de Gouveia, naye akaamua Inyasi achapwe viboko hadharani ukumbini, kengele igongwe, wanafunzi wote waje kuona. Mtu wa miaka karibu 40! Masimulizi ya kale ya Wajesuiti yanaeleza kwamba Inyasi alikuwa tayari kuvumilia kwa ajili yake mwenyewe, ila aliwahofia vijana ambao wangeona aibu ile wakaacha njia njema. Akaenda kumweleza mkuu faraghani. Mkuu akamshika mkono, wakaingia ukumbini ambako watu walisubiri adhabu, naye akapiga magoti mbele ya Inyasi akamwomba msamaha. Tukumbuke jina la mkuu huyo, tutakutana naye tena.

Mwaka 1532 Inyasi alipata shahada ya kwanza, na mwaka 1535 akawa mwalimu wa falsafa kamili, baada ya miaka saba ya Paris. Hakuwa mwanafunzi bora wa darasa, lakini alimaliza alichotumwa. Kabla ya hapo, tarehe 15 Agosti 1534, sikukuu ya Kupalizwa Bikira Maria, yeye na wenzake sita walipanda kilima cha Montmartre nje ya mji. Walikuwa Favre, Ksaveri, Diego Laínez, Alfonso Salmerón, Nicolás Bobadilla na Simão Rodrigues. Favre, aliyekuwa padre pekee kati yao, aliadhimisha Misa, na kabla ya kupokea Ekaristi kila mmoja aliweka nadhiri ya ufukara na usafi wa moyo na ahadi ya kwenda Yerusalemu, na ikishindikana kujiweka mikononi mwa Baba Mtakatifu. Kutoka kundi hilo la wanafunzi wa kigeni lilizaliwa Shirika la Yesu, lililoidhinishwa na Papa Paulo wa Tatu tarehe 27 Septemba 1540.

Ndugu msomaji, matunda ya miaka ile ya Paris yametufikia hata sisi. Mkuu Gouveia, yule aliyetaka kumchapa Inyasi viboko, ndiye baadaye aliyependekeza kwa mfalme wa Ureno kwamba watu hawa wangefaa kwa utume wa India. Kwa njia hiyo Fransisko Ksaveri aliondoka Lisbon Aprili 1541. Meli yake ilikaa kisiwa cha Msumbiji karibu miezi sita, naye muda huo akahudumia wagonjwa hospitalini. Mapema mwaka 1542 ilipanda kaskazini ikatia nanga Malindi, pwani ya Kenya ya leo, ambako alizungumza na Waislamu wa mji ule juu ya sala, kabla ya kuendelea mpaka Goa. Yule kijana mwenye dhihaka wa chumba cha Sainte-Barbe alikanyaga mchanga wa pwani yetu.

Inyasi mwenyewe aliishia Roma. Mwaka 1551 alifungua huko shule, Chuo cha Roma, ambayo mwanzoni mlangoni pake paliandikwa kuwa elimu yatolewa bure. Mtu aliyepoteza masomo kwa kutafuta mkate hakutaka mwingine ayakose kwa sababu hiyo. Chuo hicho ndicho Chuo Kikuu cha Gregoriana cha leo, ambako mapadre wengi wa Afrika wamesoma. Inyasi alifariki tarehe 31 Julai 1556, na mwaka 1622 yeye na Ksaveri walitangazwa watakatifu siku moja. Petro Favre alitangazwa na Papa Fransisko mwaka 2013.

Tunajifunza nini? Kwa wazazi na jumuiya, naona jambo moja zito. Tunamsindikiza kijana kwa fedha, halafu hatuulizi anaishi na nani. Inyasi alipokuwa na vipande 25 vya dhahabu aliishia barabarani. Alipopata wenzake wawili wa chumba kimoja aliokula nao na kusali nao, alisimama. Kabla hujamuuliza mwanao alama za mtihani, muulize anakula na nani, anasali wapi, nani anajua akiugua. Mwombe paroko akuandikie barua kwa parokia ya huko anakokwenda. Barua hiyo haina gharama.

Kwa kijana aliye mbali: usifiche shida yako. Inyasi aliomba kazi, akaomba ushauri, akaomba msaada, tena kwa watu waliomkatalia. Aibu ya kusema nimekwama hupita upesi. Aibu ya kunyamaza miaka mitatu huvunja ukoo.

Na kwa sisi tuliochangia kijana na fedha zikaliwa. Kusamehe si kusema hakuna kosa. Kosa lipo, na aliyekula mchango wa wajane anapaswa kusema ukweli na kurudisha kinachoweza kurudishwa. Lakini tazama tunavyoanza. Tunaanza kwenye vikao. Jina la kijana linazungushwa sokoni, kwenye kwaya, kwenye makundi ya simu, mpaka hata akitaka kurudi hana pa kurudia. Yupo mahali fulani, huenda anaumwa kama yule wa Rouen, na namba anazozikumbuka ni za watu anaowaogopa.

Habari nyingi za maisha haya tunazijua kwa sababu Inyasi, akiwa mzee huko Roma, alimsimulia padre mmoja wa shirika lake, aitwaye Luís Gonçalves da Câmara, naye akaandika. Katika simulizi hilo Inyasi aliwataja kwa majina watu wengi waliomtendea mema. Yule aliyekula fedha zake anatajwa tu kama mmoja wa Wahispania wa nyumba ile. Miaka zaidi ya 20 ilikuwa imepita, na mtakatifu hakumwanika. Hata leo dunia nzima inajua kisa chake na hakuna anayeweza kumnyoshea kidole.

Kama katika ukoo wako lipo jina ambalo limekuwa likitajwa kwa hasira, wiki hii liache lipumzike kwenye midomo ya watu, kisha mpigie simu mwenye jina hilo. Asipopokea, piga tena kesho. Inyasi alitembea siku tatu.

Mtakatifu Inyasi wa Loyola, utuombee. Nawatakia Jumapili njema.